Mmoja Hafumi

Juzi upepo wa Sumbawanga ulinikimbiza hadi ndani ya makumbusho yetu, chumba kimoja cha bati. Mzee mmoja alikuwa amesimama mbele ya mtambo wa kufumia nguo za pamba, kofia mkononi kama yuko kanisani.

“Kibao hiki kinasemaje, mwanangu?” alimuuliza binti mhudumu.

Binti akasoma: “Mafundi wake wamekwisha.”

Mzee akacheka kidogo. “Huu wangu. Niliufumia mimi.”

Binti akaona haya, akachukua kalamu. “Samahani, babu. Basi naandika amebaki mmoja.”

Mzee akaushika mkono wake. “Acha kama ilivyo. Kutanda uzi kunataka watu wawili, huyu huku na yule kule. Mwenzangu tulimzika. Mmoja hafumi.”

Kibao kikabaki kama kilivyokuwa.

Tunaimba kwamba soko huria limetuvika, na kweli limetuvika. Mlangoni nilimwamkia mzee. Akaitikia huku akipapasa mkono wa koti langu la mtumba.

“Hili kalifuma nani?”

Sikujua. Ninalolijua ni jina la Mzungu aliyelivaa kabla yangu, limeshonwa ndani ya kola.