Jezi Mbili za Namba Ishirini

Sitaki mtu aniambie kwamba Ozella Gaddis alifukuzwa kazi. Hakufukuzwa. Aliinuka mwenyewe kwenye kiti chake, akachukua mkasi wake, mto wake wa kukalia na redio yake ndogo, akaondoka. Wanaosema alifukuzwa ni watu wa Kocha Whisenant, na hao hata wakiniambia leo mvua inanyesha, nitatoka nje kwanza nikahakikishe.

Miaka kumi na tisa tulikaa chumba kimoja, chini ya jukwaa la uwanja wa chuo, hapa kwetu kusini mwa Alabama. Mimi mashine za kufua, yeye cherehani. Jezi za vijana zinafika kwangu zikinuka jasho na majani, nazifua, nazikausha, zilizochanika namsogezea yeye. Wachezaji wapya wakija mwezi wa nane, yeye ndiye anayewashonea majina mgongoni, herufi moja moja, mishono miwili, wa pili juu ya wa kwanza. Nilimwambia mara ngapi, dada, mmoja unatosha. Ananitazama juu ya miwani yake.

"Verna, mtoto wa watu anavutwa jezi na mijitu ya kilo mia na arobaini. Jina likining'inia, aibu ya nani?"

Alikuwa mjane, miaka sitini na moja. Kabla ya hapo alishona mashati kiwandani miaka ishirini na miwili, mpaka kiwanda kikafungwa na mashine zikapakiwa kwenye malori yeye akiwa amesimama getini anatazama. Nadhani ndiyo maana alikuwa hamwogopi bosi yeyote. Na mpira aliujua. Makocha wadogo wakipita na michoro yao mkononi alikuwa anawauliza maswali, wengine wakaanza kupitia mlango wa nyuma.

Javoris Milsap aliingia kwetu mwaka wake wa kwanza akiomba sindano ashone begi lake. Ozella hakumpa sindano, alilichukua begi. Tangu siku hiyo kijana akawa wetu. Kila Alhamisi baada ya mazoezi anakuja kukaa juu ya kapu la taulo, anakula karanga za kuchemsha za Ozella na kutupa maganda ovyo, tunamfokea, anayaokota. Kwao ni huko juu kwenye misitu ya misonobari, baba yake anaendesha lori la magogo. Alikuwa mkimbiaji. Kwa asiyeujua mpira wetu wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, huyo ndiye anayetiwa mpira kifuani na kuambiwa haya, pita, na mbele yake kuna wanaume kumi na mmoja wanaotaka kumlaza chini. Asipokuwa na mpira, kazi yake ni kumkinga mwenzake mrusha mpira asivunjwe. Kazi hiyo ya pili haimtoi mtu gazetini, na Javoris aliifanya mpaka mabega yakawa meusi kwa damu iliyovilia.

Miaka mitatu alisubiri nyuma ya mtu mwingine, na hakununa. Mtu huyo akamaliza chuo. Javoris akabakiwa na mwaka mmoja wa kucheza, wa mwisho, na mji mzima, mpaka yule mama anayekaanga kambare pale kituo cha mafuta, ulijua sasa ni zamu yake. Januari Kocha akamleta Kendrell Voss kutoka chuo kikubwa cha jimbo la jirani.

Sina neno na Kendrell. Ni kijana mpole, ukimpa taulo anashukuru, na ana mbio kweli. Neno langu ni kwa Kocha. Alisimama mbele ya vijana, macho makavu, akasema nafasi iko wazi, atakayeshinda mazoezini ndiye atakayeanza. Akabandika mlangoni karatasi ya kikosi. Kwenye mstari wa mkimbiaji wa kwanza kulikuwa na majina mawili, Milsap na Voss, na katikati yao neno AU.

Nieleze hiyo AU ilikuwa ya kazi gani, maana mpaka leo ikinijia kichwani nakunja ngumi. Wachezaji wa vyuo siku hizi wanaweza kuhama, lakini dirisha lao la uhamisho lina mwisho. Mwaka ule lilikuwa linafungwa tarehe thelathini Aprili. Chuo kimoja cha Georgia kilikuwa kimeshamwambia Javoris wazi kabisa: kama kwenu huna nafasi, njoo, kwetu unaanza wewe. Akichelewa dirisha, hachezi popote pengine mwaka huo, na yeye mwaka aliobaki nao ni huo huo. Kocha alilijua hilo. Alimtaka Kendrell acheze, na alimtaka Javoris abaki, awe mtu wa kugongwa mazoezini na wa akiba mwenzake akiumia. Kwa hiyo akampaka kijana mafuta kwa mgongo wa chupa, wiki baada ya wiki.

Sisi tulijuaje? Tarehe kumi na tatu Aprili Kocha alishuka mwenyewe na jezi namba ishirini ndani ya mfuko. Kwetu namba ishirini haivaliwi na yeyote tu. Anaivaa mkimbiaji wa kwanza, tangu enzi za baba yangu. Akaiweka kwenye cherehani pamoja na herufi nne: V, O, S, S.

"Ni ya picha," akasema. "Bango la msimu, lile la barabara kuu. Isitoke humu ndani, akina mama. Ushindani bado unaendelea."

Ozella akaishika ile jezi kwa vidole viwili. "Kama unaendelea, Kocha, hili jina nalishona la nini?"

"Bi. Ozella, tugawane kazi. Wewe shona, mimi nifundishe mpira."

Akacheka. Mimi nami nikacheka, sijui nilicheka nini. Ozella hakucheka. Alishona kwa sababu ndiyo kazi aliyoajiriwa, mishono miwili kama kawaida yake, akamrudishia bila kumtazama.

Alhamisi Javoris akaja na barafu gotini. Kutoka mlangoni kwetu uwanja unaonekana, tulikuwa tumemwona saa mbili nzima akijitupa mbele ya watu kama hana mama. Akakaa kwenye kapu lake.

"Kocha ameniita pembeni," akasema. "Anasema mpaka sasa tuko sawa kwa sawa. Anasema anaona nina njaa kuliko mwenzangu."

"Amesema hivyo lini?" Ozella akauliza.

"Sasa hivi, Bi. Ozella, kabla sijaja hapa."

"Na ukashiba?"

Kijana akacheka, akadhani ni mzaha wake wa siku zote, akajaza karanga mfukoni akaenda. Ozella akaizima redio yake. Halafu akaniambia, "Verna, mimi nina mkono katika jambo hili." Nikamwambia tunyamaze, hayatuhusu. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu.

Alijizuia siku kumi na mbili. Jumanne ya tarehe ishirini na saba Javoris alipoingia, alimwambia afunge mlango.

"Mwanangu, nafasi ishatolewa. Jezi ya ishirini nimeishona mimi wiki mbili zilizopita, na jina si lako. Mpigie simu huyo mtu wa Georgia leo."

Javoris akakaa kwenye kapu lake. "Labda ilikuwa ya mfano, Bi. Ozella."

"Mfano wa nini? Una siku tatu. Usikae hapa kunitolea macho."

Angekwenda moja kwa moja kwenye simu, leo nisingekuwa na kisa. Lakini alilelewa vizuri, na aliyelelewa vizuri haondoki nyumbani kwa mtu bila kuaga. Akaenda kwa Kocha kumuuliza uso kwa uso. Kocha akamwambia jezi zinashonwa mbili, moja ya kila mmoja, ndiyo haki yenyewe, na Bi. Ozella ameona moja tu, umri nao umekwenda. Njoo kesho mchana, akamwambia, nikuonyeshe yako.

Asubuhi iliyofuata Kocha akashuka. Safari hii mfukoni mlikuwa na jezi ya ishirini nyingine, tupu, na herufi sita.

"Nashukuru kwa ulivyoniponza jana," akamwambia Ozella. "Sasa shona Milsap. Naihitaji kabla ya saa saba."

"Ataivaa?"

"Shona."

"Nimeuliza, ataivaa?"

"Mei tutaona."

"Mei hatuoni kitu, Kocha, Mei dirisha limefungwa. Unataka nimvike mtoto huyu kilemba cha ukoka kwa mikono yangu mwenyewe. Mimi nimeshona mashati ya watu nisiowajua miaka ishirini na miwili, na hata shati moja sikulishona kwa uongo."

"Basi cherehani hiyo ipo, na wapo wengi wanaoitaka."

Ndipo alipoinuka. Mkasi, mto, redio. Alipofika mlangoni alinitazama. Hakuwa ananiomba kitu, nadhani alikuwa ananingoja tu, kama tulivyokuwa tunangojana kila jioni twende maegesho pamoja. Nikajifanya nakunja taulo.

Kocha akaichukua ile jezi, akaiweka juu ya mashine yangu ya kukaushia. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Verna, wewe kushona unajua?"

Mume wangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na bima yake inatoka chuoni kwa kazi yangu hii. Nalisema hili mara moja na sitalirudia, maana nimekwisha kujisikiliza nikilisema jikoni, kanisani, ndani ya gari, na halijawahi kunisaidia. Nilikaa kwenye kiti cha Ozella. Kilikuwa bado na joto. Nikashona M, nikashona I, nikaendelea mpaka P, mshono mmoja, kwa sababu saa saba ilikuwa karibu.

Javoris alikuja na Kocha. Aliponyanyua ile jezi na kusoma jina lake, uso wake ulifunguka hata nikainamisha macho. Akalipitishia jina kidole, herufi kwa herufi. Akaipiga picha kwa simu ampelekee baba yake.

"Umeona?" Kocha akamwambia, amemshika bega. "Mama yetu yule amechoka, apumzike."

Kijana akanigeukia. Hakumwamini Kocha moja kwa moja, nawaambia ukweli, alikuwa bado na shaka. Alitaka kusikia kwa mtu anayemjua. "Mama Verna, ni kweli?"

"Si unaiona," nikasema.

Basi. Tarehe thelathini ikapita. Georgia wakachukua mkimbiaji mwingine. Tarehe mbili Mei karatasi mpya ikabandikwa mlangoni, Voss juu, Milsap chini, AU haipo. Siku hiyo hiyo Kocha alimtuma mtu na ile jezi, akasema nifumue jina, namba ishirini ya akiba inatakiwa kwa Kendrell. Mshono mmoja unafumuka upesi, sikutumia hata dakika kumi. Herufi zake sita nilizirudisha kwenye kopo lao pamoja na nyingine.

Ozella sasa anashonea nyumbani kwake, magauni ya wasichana wa sekondari na majoho ya kwaya. Jumapili tunakaa benchi lile lile. Nikifika anasogea kunipa nafasi, ananiuliza hali ya mgonjwa, ananipa peremende ya mnanaa ibada ikianza. Hajawahi kunigusia jambo lile. Laiti angenitukana mbele ya usharika wote, ningelala vizuri zaidi.

Mwezi wa nane vijana walikuja kuchukua vifaa vya msimu. Javoris alipanga foleni kama wengine. Nikampa taulo, soksi, na jezi namba thelathini na nane. Mezani kando yangu ilikuwa imekunjwa ile ishirini ya Kendrell, jina likiwa juu, kazi ya Ozella. Javoris akaitazama. Nikajiandaa. Nilikuwa nataka apige kelele, apindue meza, aniite jina lolote analolijua.

"Ile yangu uliishona wewe, mama?" akauliza, sauti ya chini.

"Mimi."

Akatikisa kichwa polepole. "Niliona siku ile ile. Bi. Ozella anapitisha mara mbili, na ile ilipitishwa mara moja. Nikasema moyoni, labda Mama Verna alikuwa na haraka."

 Kijana wa nyuma yake akaanza kumsukuma asogee. Javoris akabeba taulo zake, akasema asante mama, akaenda mazoezini.