Mikono Nyuma ya Kichwa

Katika jengo jipya la kliniki ya macho, Mbeya mjini, hakuna kiti nyuma ya mashine ya leza. Wagonjwa waliotibiwa zamani kule Msasani, Tukuyu, wakiingia chumbani hugeuka kwanza kutazama nyuma yao, kama mtu aliyezoea kusemeshwa na leo hasemeshwi. Mashine mpya ina mkanda wa kufungia kichwa. Mikono haina.

Mikono ilikuwa ya Atuganile. Daktari Joel alipofungua kliniki Msasani, chumba kimoja cha kupanga na mashine iliyokwisha kutumika kwingine, alimwajiri yeye kuwa nesi wake wa pekee. Leza hupiga mahali padogo kuliko ncha ya sindano, na wazee wa milimani, wakiusikia mlio wake, walikuwa wakirudisha vichwa nyuma. Atuganile akavuta kiti, akakaa nyuma yao, akavishika vichwa kwa viganja viwili huku akiwanong'oneza kwa Kinyakyusa maneno ya kubembeleza mtoto. Wakatulia. Habari zikafika Kyela na Busokelo. Chumba kimoja kikawa vitatu, siku moja ya matibabu ikawa wiki nzima, na Joel akaanza kujenga Mbeya.

"Unadhani wanafuata leza?" Prisca wa mapokezi alikuwa akimtania daktari. "Wanamfuata dada Atu. Wewe ni fundi tu."

Kichwa kimoja tu hakuthubutu kukigusa: cha baba mkwe wake, mzee Jairo wa Lufingo. Mila ya Wanyakyusa humkataza mkamwana kuonana na baba mkwe. Wengi siku hizi wameiacha. Mzee Jairo hakuiacha. Kwa miaka kumi na sita, kila alipomwona Atuganile kwa mbali, aliiacha njia akaingia migombani mpaka apite. Naye Atuganile akisikia kikohozi chake alijibanza nyuma ya ukuta. Hapakuwa na chuki. Ndivyo walivyoheshimiana.

Siku moja ya masika, Gwamaka, mume wa Atuganile, alimleta baba yake kliniki. Joel akampima. Katika macho yote mawili, njia ya kupitishia maji ilikuwa nyembamba mno. Ikiziba, presha ndani ya jicho ingepanda na kuliua kwa muda mfupi. Leza ingetoboa kitundu, maji yakapata pa kupita. Kazi ya dakika kumi.

Atuganile alikuwa amejificha stoo.

Mzee aliweka kidevu kwenye mashine. Lakini kila viatu viliposikika koridoni, aligeuza kichwa mlangoni, akihofia kuwa ni mkamwana wake anaingia. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Stoo, Atuganile alisikia yote. Angeweza kutoka akamshika. Akaona aibu ingemuua mzee kabla ya ugonjwa. Joel akazima mashine.

"Mzee wangu, siwezi kumpiga leza mtu anayechungulia mlango. Rudi wiki ijayo."

Wiki iliyofuata njia ya Lufingo ilikuwa tope tupu, hakwenda. Siku ya tisa jicho la kushoto likawaka, akatapika kutwa, nyumbani wakadhani malaria. Alipofikishwa Msasani, jicho lilikuwa limekwisha kufa. Joel hakumlaumu Atuganile. Gwamaka pia hakumlaumu. Angelaumiwa, pengine angepata pa kujitetea.

Lilibaki jicho la kulia.

"Mwambie baba nitakaa nyuma yake," Atuganile alimwambia mumewe. "Hataniona, nami uso wake sitauona."

"Atakataa, mama Doreen. Unamjua."

"Mwambie hivyo hivyo."

Kesho yake Gwamaka alirudi kutoka kwa baba yake, amesimama mlangoni hajui acheke au alie. "Hakusema ndiyo. Ameuliza tu kama viatu vyako vinalia."

Atuganile aliingia chumba cha leza peku. Akakishika kichwa cha baba mkwe wake. Kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani, chenye joto, na mishipa ilidunda chini ya vidole vyake. Hakunong'ona kitu, kwa mara ya kwanza katika kazi yake alibembeleza kwa kunyamaza. Mashine ikalia, ikalia tena. Mzee hakutikisika hata kope.

"Daktari," alisema mwishowe, kidevu bado kwenye mashine, "mwambie nesi wako, ndaga."

Nesi wa kushukuriwa alikuwa amekwisha kutoka.

Jengo la Mbeya lilipokamilika, Joel alihamisha kliniki yote na kumtaka Atuganile awe mkuu wa manesi. Akakataa.

"Unaacha kazi kwa ajili ya mzee asiyekusalimia?"

"Ananisalimia, daktari. Wewe tu hujui anavyosalimia."

Hata baada ya leza, lile jicho bado linaweza kufifia polepole, kuanzia pembeni, na mzee Jairo si mtu wa kusema anapoumwa. Kwa hiyo Atuganile anaishi Lufingo, analima migomba na viazi. Kila asubuhi husimama kando ya njia, upande wa kulia wa mzee, akihesabu hatua zilizobaki kati yao wakati mzee anapomwona na kuiacha njia; zikipungua, atajua jicho linafifia. Leo aliingia migombani zikiwa zimebaki arobaini, kama jana.