Kikantoni cha Kumuuliza Bibi wa Guangzhou

Kaka yangu alifia Guangzhou, alikokuwa akinunua nguo za kuja kuuza. Mwili ulichomwa hukohuko kabla hatujapata habari. Kwetu, maiti isiporudi, tunazika tunda la mti wa yago mahali pake, kaburi kamili na maombi yote. Mama alikataa. Alisema hataki kuzika tunda kwa habari ya watu waliosikia kwa watu. Alimtaka aliyemwona.

Aliyemwona ni bibi mwenye nyumba aliyokuwa amepanga, na bibi huyo alijua Kikantoni tu, lugha ya huko. Nikapendekeza simu itutafsirie. Mama akaniuliza kama simu ndiyo itakayomwambia kwamba mwanawe amekufa. Ukimjua mama yangu, hapo hubishani. Basi nikajifunza mimi.

Miezi mitano nilikaanga samaki ufukweni Dunga masomo yakiwa sikioni. Silabi moja, sauti sita. Ukiipandisha ni neno hili, ukiishusha ni lile. Kidholuo kilinisaidia kidogo, maana nacho hupanda na kushuka. Nilipara magamba ya ngege nikirudia "sik fan, sik fan", yaani kula, na wateja wakadhani nanena kwa lugha. Mmoja akasema amina. Zamani ningecheka. Mwaka ule nilikuwa nimekufa ganzi. Hata mafuta yaliponirukia mkononi nilitazama tu lengelenge likivimba. Nilikuwa sijalia hata mara moja, na niliona aibu.

Tulipiga simu Jumapili baada ya ibada. Mama alijifunga kitambaa chake cha kanisani, akaketi wima. Nikamsalimu bibi, nikamwita Po Po, yaani nyanya, kama nilivyofundishwa, nikamwambia mimi ni dada wa marehemu. Akasema polepole, kama anayemlisha mtoto. Nilishangaa kwamba naelewa. Alikufa kitandani, asubuhi. Akasema "macho", akasema "mkono wangu", nikajua ni yeye aliyemfumba. Nikamweleza Mama, naye akaitikia kwa kichwa.

"Nyara, binti yangu, muulize kama alikuwa anakula."

Hilo ndilo swali nililolijua kuliko yote. Nikauliza.

"Mou," bibi akajibu. Hakula. Siku tatu hakula kitu. Alimpelekea uji, akaukataa. Akarudia, siku tatu, akinihurumia mimi mwanafunzi.

Mama alikuwa akinitazama mdomo.

"Alikula," nikasema.

"Alikula nini?"

"Wali."

"Huyo hakupenda wali."

"Alikula, Mama. Alimaliza."

Mama akaweka mikono mapajani. Kisha akasema, "Sawa. Waambie baba zako wadogo waje wachimbe kaburi."

Bibi alikuwa bado kwenye laini, akiniuliza kama nimeelewa. Nikamjibu kwa Kikantoni kwamba nimeelewa.