Historia ya Ligi Isiyomtaja Mtani Wangu

Nilipaswa kukataa. Mwenyekiti wa ligi yetu alinikuta Jumapili moja nikikunja nyavu za goli, kule Mount Druitt, magharibi mwa Sydney, akaniomba niandike historia ya ligi. Nilifurahi. Kisha akatoa sharti.

"Lakini mzee, yule rafiki yako tumwache nje."

"Nimtoe mwanzilishi?"

"Si kumtoa. Ni kutomweka tu. Hiki kitabu kinaenda halmashauri. Maofisa wa sasa ni wapya. Wakisoma ile stori ya polisi, uwanja tunaouomba tusahau."

Alikuwa Mkenya wa kazi za ofisini, kijana kwangu, mwenye adabu. Hakunitisha wala hakuniahidi kitu. Nilimaliza kukunja wavu niliokuwa nao mkononi, nikasema sawa.

Huyo wa kuachwa nje alikuwa mtani wangu. Mimi Mzigua, yeye Mnyamwezi, na kwa desturi yetu ya utani hakuna tusi kati yetu linaloruhusiwa kuuma. Tulijuana hapa hapa Sydney, kwenye ghala tulikofanya kazi. Siku ya kwanza nilimwona amebeba maboksi mawili mabegani, nikamwambia, "Mpagazi wewe, hata Australia umefuata mizigo?" Akajibu bila kugeuka, "Nafanya mazoezi. Jeneza lako litakuwa zito."

Ligi aliianza yeye. Ujanani alisomea ufundi kaskazini mwa Uingereza, akachezea timu ya kijiji katika ligi ya ridhaa ya wilaya moja kule, watu wa viwandani na mashambani wanaocheza Jumamosi bila malipo. Alipoondoka walimpa kijitabu chembamba cha historia ya ligi yao. Alikuja nacho mpaka huku, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Sijaona mtu mwingine akikitunza kitabu cha mpira kama msahafu.

"Tazama," aliniambia mara ya kwanza aliponionyesha. "Hii timu ilicheza msimu mmoja ikafa. Imo. Hii ilifukuzwa kwa kupigana. Imo. Huyu bibi alikuwa anapika chai tu. Naye yumo. Siku moja na sisi utatuandikia chetu hivi, wewe uliyemaliza sekondari."

Tulianza na timu nne. Moja ya Watanzania, moja ya Wakenya, na mbili za Wakongo na Warundi waliokuja kwa treni kutoka Liverpool, si ya Uingereza bali kitongoji cha hapa hapa Sydney. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, kila mtu na chake. Tulicheza majira ya baridi, maana kiangazi viwanja ni vya kriketi, na katikati ya uwanja wetu palikuwa na kipande cha zege cha kriketi kilichochuna magoti ya watu. Mtani wangu alifika alfajiri kabla ya wote, akachora mistari kwa chokaa, akafunika lile zege kwa zulia kuukuu. Kanuni zetu tulinakili kutoka nyuma ya kile kijitabu cha Kiingereza.

Kosa lake lilikuwa moja. Kwenye fainali moja refa alitoa penalti dakika za mwisho dhidi ya timu aliyokuwa akiifundisha, naye akaingia uwanjani akamvua refa filimbi shingoni. Mashabiki wakafuata. Polisi wakaja, halmashauri ikatunyima uwanja msimu mzima, kamati ikamfukuza yeye na timu yake. Hakujitetea. Alizunguka kwa kila timu kuomba radhi, mpaka Liverpool, amevaa koti la harusi. Kocha mmoja Mrundi alimwambia, "Mzee, sisi tumekusamehe, lakini ile filimbi rudisha." Wote wakacheka. Kweli alikuwa bado anayo.

Basi nikaandika. Niligundua kwamba kumfuta mtu ni kazi nyepesi. Unaandika "ligi ilianzishwa", na hakuna anayeuliza na nani. Timu yake niliiita "mojawapo ya timu za awali". Kwa jalada nilichagua picha aliyoipiga yeye mwenyewe, maana mpiga picha haonekani. Hilo nililifikiria kwa makini na nikajiona mwerevu.

Kitabu kilipotoka nilimpelekea nyumbani kwake. Nilijiambia kwamba mtani hawezi kuudhika. Alivaa miwani, akasoma ukurasa hadi ukurasa, akarudi mwanzo, akapekua tena. Nikasubiri anitupie tusi. Badala yake alianza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

"Mzigua, leo umenipata! Umechapisha kitabu kizima kunitania! Mshenzi wewe. Haya, toa kile cha kweli."

Pale ndipo ningeweza bado kusema ukweli. Nami nikacheka. "Kiko kwa mchapaji," nikamwambia.

Alikisubiri. Kila tulipokutana, msikitini au sokoni, aliniuliza, "Kile cha kweli vipi, mtani? Au mchapaji naye Mzigua?" Nami nilijibu kimechelewa, karatasi zimeisha, mashine imeharibika. Kila jibu alilicheka. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na karatasi, na baada ya kustaafu nilikuwa na mchana kutwa. Sikuandika hata ukurasa mmoja, kwa sababu kuandika kile cha pili kungekuwa kukiri kwamba cha kwanza hakikuwa utani.

Uwanja tulipewa. Ofisa wa halmashauri aliyekuja kukabidhi funguo alikuwa mzungu wa makamo. Aliniuliza, kwa upole kabisa, yule kocha aliyechukua filimbi anaendeleaje. Habari zile walikuwa nazo muda wote. Kitabu sidhani kama alikifungua.

Kisha mtani wangu akaanza kusahau. Kwanza funguo, halafu njia, halafu jina la mkewe marehemu. Siku moja tulikutana hakuniuliza habari ya mchapaji, na nakiri nilipata nafuu moyoni. Leo nafuu ile inanitia aibu kuliko uongo wenyewe.

Sasa yuko kwenye nyumba ya wazee, Westmead. Binti yake, anayeelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, alimpelekea kitabu changu akidhani kitamsaidia kukumbuka. Kile kijitabu cha Uingereza kilipotea walipohamisha vitu. Muuguzi mmoja Mkenya humsomea changu baada ya chakula cha mchana. Nilipokwenda mwezi uliopita niliwakuta katikati ya ukurasa.

"Babu, ona mgeni," muuguzi akasema. "Ndiye aliyeandika hiki kitabu."

Mtani wangu alinitazama, akajiweka sawa kitini. "Shikamoo, mzee," akasema.

Ananizidi miaka miwili. Tangu tujuane hakuwahi kunipa shikamoo, wala mimi sikuwahi kumpa yeye.

Nilivuta kiti. "Mpagazi," nikamwambia, "ligi hii uliianza wewe. Ulichora mistari kwa chokaa. Ulifunika zege kwa zulia."

Alisikiliza kwa heshima. Kisha akamwomba muuguzi kitabu, akakipekua polepole kwa kidole, jina kwa jina.

"Hapana, mzee," akasema. "Mimi simo. Nilikuwa nadhani nimo, lakini huyu mama amenisomea chote. Simo." Akanirudishia kitabu kwa mikono miwili. "Labda nilikuwa mtazamaji."

"Kitabu kimekosea. Nilikosea mimi."

"Aah, usiseme hivyo, mzee. Wewe ni mtu uliyesoma."

Nimeandika kurasa kumi na mbili tangu siku hiyo, za kweli, zenye jina lake na filimbi yake. Nilimpelekea. Alisema ni hadithi nzuri, akauliza kama huyo bwana bado yu hai.

Nilikubali kumwacha mtu nje ya kitabu ili tupate uwanja ambao tungepewa kwa vyovyote vile. Yeye alipoteza kitu pekee alichokijenga katika nchi hii, kwa kuwa aliamini maandishi yangu kuliko kumbukumbu zake. Mimi nimempoteza mtani wangu angali hai, na hakuna mwingine aliyebaki anayeweza kunitukana.