Nilivyokwenda Iringa Kuwaona Watu wa Salamu

Nakumbuka Jumamosi moja nikiwa Makambako, nimekaa juu ya jiwe kando ya lori lililokatika springi, nikasikia jina langu likitajwa redioni. Lakini nisikimbilie huko, mwanangu. Ngoja nianzie Tunduma, ili uelewe nilifikaje kwenye jiwe lile.

Nimeambiwa wewe na wenzako wa kundi la wapiga picha mnapanga kwenda Dodoma, mkakutane na watu mnaoandikiana nao kwenye simu tu. Nimeona unavyohangaika: mara unaulizia nauli, mara unatafuta pa kulala bila malipo, mara unajichekea mwenyewe jikoni. Furaha hiyo naijua. Mimi iliniingia nikiwa na miaka ishirini na mmoja, najifunza cherehani pale Chapwa, Tunduma, na iliyonitia wazimu haikuwa picha. Ilikuwa salamu za redio.

Huenda hujui mambo haya. Enzi zile simu ya mkononi tuliiona kwa mwenye duka. Sisi wapenzi wa redio tulinunua kadi za salamu, tukaandika jina letu, majina ya tunaowasalimu na ujumbe mfupi chini, tukazipeleka posta. Mtangazaji akiisoma kadi yako, mtaa mzima unajua leo umetajwa. Tulijuana nchi nzima bila kuonana, na kila mtu alikuwa na jina lake la redioni. Mimi nilikuwa Skola wa Mpakani. Tunduma tulikuwa kumi na mmoja, na kiongozi wetu alikuwa Mzee Mwinyi, muuza vitenge aliyehamia kutoka Kigoma, mtu wa kanzu safi na maneno machache.

Kati ya wote niliowajua kwa jina, mmoja alikuwa wa pekee: Bibi Tulizo wa Iringa. Mama yangu alipofariki nilikaa wiki nyingi sigusi kadi wala kalamu. Mchana mmoja nimejilaza, jirani akanigongea dirisha, redio iko mkononi mwake. Bibi Tulizo alikuwa ameandika hivi: "Skola wa Mpakani, nimesikia msiba wako. Amka, oga, ule. Kisha uniandikie." Niliamka, nikaoga. Nikala viazi viwili. Tangu hapo tukasalimiana miaka mitatu, kama mtu na bibi yake wa kumzaa.

Basi ikatangazwa kwamba wapenzi wa salamu watakutana Iringa, Jumamosi na Jumapili. Walichagua Iringa kwa sababu miguu ya Bibi Tulizo ilikuwa imeanza kumkatalia, na watu walitaka kumwona kabla haijashindwa kabisa. Mwanangu, wiki ile sikushona mshono ulionyooka. Fundi wangu alinipokonya mkasi akaniambia nikakae nje mpaka akili irudi.

Tulikutana dukani kwa Mzee Mwinyi kupanga safari. Alisema tukodi Hiace moja, twende na chakula chetu, tulale kwenye ukumbi wa kanisa walioahidiwa wenyeji wetu. "Kila mtu aseme alichonacho, tupange kwa hicho," alisema. "Asiye nacho aseme pia." Mama Edina, aliyekuwa ametoka Ileje kuolewa mjini, akasema yeye ana karanga na mchele lakini fedha hana. Mariamu, rafiki yangu, akasema ataomba kwa kaka yake. Watu walicheka, walikubaliana, hakuna aliyeona haya.

Ilipofika zamu yangu, mimi nikaona haya. Akiba yangu nilikuwa nimeimaliza kwa kitambaa cha gauni, nionekane mtu mbele ya Bibi Tulizo. Nikasema, "Mimi msiniweke kwenye hesabu. Mjomba wangu anakwenda Iringa na gari lake."

Mzee Mwinyi aliniangalia kidogo. "Mjomba wako yupi?"

"Wa upande wa mama."

Mjomba wa upande wa mama ninaye kweli. Alikuwa Ivuna anachemsha chumvi, na hakuwa na hata baiskeli.

Siku ya Ijumaa, asubuhi na mapema, nikaenda kwenye foleni ya malori nikiwa na gauni langu jipya ndani ya mfuko. Niliomba lifti kwa madereva watatu. Wawili walinijibu maneno ambayo sitayarudia. Wa tatu alikuwa Mzambia wa makamo, tuliyemwita Ba Mwape, kwa namna wenzetu Wabemba wanavyomheshimu mtu mzima. Nilimsalimu kwa Kibemba nilichokiokota sokoni, "Mulishani, Ba Mwape," akacheka, akafungua mlango. Nilibahatika, mwanangu. Nasema nilibahatika, wala usidhani nilikuwa na akili. Hakuna mtu yeyote duniani aliyejua niko ndani ya lori lile.

Lori lilikwenda kama linafikiri kwanza. Vwawa, Mlowo, Mbeya, kila mahali kuna karatasi ya kugongwa muhuri. Usiku nililala kwa mama ntilie mmoja aliyenihurumia, na Jumamosi kabla ya saa sita tulikuwa Makambako, springi imekatika, nyingine inasubiriwa kutoka Mbeya. Huko Iringa wenzangu walikuwa wameshakaa. Nilivuta picha ya Bibi Tulizo akiuliza, "Skola yuko wapi?" na watu wakimwambia hawajui. Nikakaa juu ya jiwe nikalia, gauni langu limejikunja mfukoni.

Ba Mwape, labda kwa kutojua la kufanya na mwanamke anayelia, akawasha redio ya lori. Kilikuwa kipindi cha salamu. Mtangazaji akamaliza kadi moja, kisha akasema amepigiwa simu kutoka Iringa, na ujumbe wake hauwezi kusubiri.

"Salamu hizi zimwendee Skola wa Mpakani, popote alipo. Skola, wenzako wote tumefika, wewe hatujakuona. Kama gari la mjomba limeharibika, shuka, panda basi lolote la Iringa, nauli tutalipa ukifika. Bibi Tulizo anasema chakula chake hakigusi mpaka akuone."

Ba Mwape alichungulia dirishani.

"Skola si ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Na mjomba ni nani?"

Nilitazama chini. Akashuka, akachukua mfuko wangu. "Basi leo mjomba ni mimi," akasema. "Twende stendi."

Tulikwenda kwa miguu karibu tunakimbia. Ba Mwape alimwendea kondakta wa basi la kwanza, akaanza kueleza kwa Kiswahili chake cha barabarani, na kondakta akamkatiza. "Skola wa Mpakani? Tumesikia sasa hivi." Redio ya basi ilikuwa kwenye kipindi hicho hicho. Akawageukia abiria, akawaambia, "Ndiye huyu." Mwanangu, sijawahi kupokewa vile tena maishani. Mama mmoja alimpakata mtoto wake nikae. Mwingine alinipa ndizi. Mwanamume wa nyuma kabisa akasimama akajitambulisha kwa jina lake la redioni, kumbe nimemsalimu mara nyingi, yuko pale, ana ndevu, anatafuna muwa. Hadi Mafinga basi zima lilikuwa linatajiana majina ya wasikilizaji, nani wa wapi, nani alimwandikia nani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Iringa, Mzee Mwinyi alikuwa stendi, amesimama. Alimlipa kondakta, akamshukuru Mungu kwamba nimefika salama, akaanza kutembea. Hakuuliza habari za mjomba. Tulipokaribia ukumbi ndipo alipopunguza mwendo.

"Kwenye Hiace kuna kiti kimoja kilikuja kitupu, karibu na Mariamu," alisema. "Sikutaka kumpa mtu mwingine. Nilijua mjomba mwenye gari huna."

"Nisamehe, mzee."

"Miaka mitatu unatusalimu redioni. Mwanangu, ulidhani sisi ni watu wa kusalimiwa tu, si watu wa kuombwa?"

Hakunipigia kelele, na heri angenipigia. Neno lile liliniingia zaidi ya kofi.

Ndani, Bibi Tulizo alikuwa kwenye kiti, mdogo kuliko nilivyomfikiria, sahani yake imefunikwa kitambaa. Nilipiga magoti. "Kamwene," alinisalimu kwa Kihehe, akanishika mashavu yote mawili, akanikagua kama anasoma kadi. "Umekonda. Kaa, tule." Gauni sikulivaa. Tulikula na vumbi langu la barabarani, na siku mbili zile nilisalimiana ana kwa ana na watu niliowapenda kabla sijawaona sura.

Sasa wewe na Dodoma yako. Nenda, tena usisite; watu wanaopenda unachokipenda ni ndugu unaokwenda kuwachukua. Ila mnapokaa kupanga, sema ulichonacho, na kama huna, sema huna, ungali nyumbani, kabla safari haijaanza. Safari ya watu wenye fedha kidogo hubebwa na maneno ya kweli: huyu ana mchele, yule ana ndugu wa kumpokea, mwingine ana mikono ya kupika. Ukificha, unawanyima wenzako nafasi ya kukubeba. Na usipande chombo chochote bila mtu mmoja wa nyumbani kujua ni chombo gani, cha nani, na unategemewa kufika lini. Mimi nilikutana na mtu mwema. Wasichana wengine wa foleni ile hawakukutana naye, na habari zao tulizisikia.

Mungu akutangulie njiani na akulinde pande zote. Akupe mwenyeji mwenye moyo mweupe, akupe vicheko vya kurudi navyo, na kila utakayemkuta huko amshukuru Mungu kwamba ulikuja. Amina.