Kaptula Iliyompatia Shemeji Kazi

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na pasi yangu mwenyewe kichwani, pasi ya mkaa, ile yenye jogoo wa shaba kwenye kifuniko. Mume wangu aliiacha nyumbani alipokwenda migodini Afrika Kusini. Yeye hakurudi wala hakutuma salamu, kwa hiyo pasi ikawa ndiyo mume. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na kambi ya askari wa akiba ilikuwa nje kidogo ya mji wa Mbeya, upande wa mlima Loleza, mahali ambapo ukungu ukishuka asubuhi nguo ya jirani yako huioni.

Vijana wa leo hawajui askari wa akiba wa wakati ule walikuwa watu gani, basi nieleze. Ni wanaume waliokwenda vitani, vita vikaisha, wakarudi kulima na kuchunga ng'ombe wao. Lakini serikali haikuwaachia moja kwa moja. Kila mwaka waliitwa kambini kwa majuma machache, wakapiga gwaride, wakalenga shabaha, wakakumbushwa kuwa wakiitwa waje. Nyumbani walikuwa wakulima kama sisi. Wakivaa kaki wanakuwa watu wengine, hata kukohoa wanakohoa kwa sauti nyingine.

Aliyenipokea ni Sajini Meja, mkubwa wa askari weusi wote pale, mtu mwembamba asiyecheka. Alinionyesha lundo la kaptula na mashati, akaniuliza kama nimewahi kufua nguo za jeshi. Nikasema nimefua nguo za wamisionari. Akasema, "Mama, mmisionari akipita na kaptula iliyolegea, Mungu atamsamehe. Mimi sisamehi."

Shule mimi niliishia darasa la pili, lakini kazi hii niliijua. Kaki haifuliwi tu, inaandaliwa. Unaifua, unaisuuza mpaka maji yatoke safi, kisha unaitia wanga, maana bila wanga kitambaa hakisimami. Wengine walitumia wanga wa muhogo, nao kwa baridi ya kule kwetu unapasuka na kuacha madoa meupe. Mimi nilichemsha mchele wa Usangu mpaka ukavurugika, nikauchuja kwa kitambaa, nikadondoshea nta kidogo ya mshumaa ili nguo ing'ae. Nguo inaanikwa kivulini, na kabla haijakauka kabisa unaikunja kama mkeka na kuiacha ipumzike. Hapo ndipo unapiga pasi. Mkaa uwe wa mti mgumu, kwa sababu mkaa wa mti laini hurusha cheche, na cheche moja ni tundu. Mkunjo wa mbele unapigwa mara mbili, kwanza kwa ndani, halafu kwa nje juu ya kitambaa chenye unyevu. Kaptula iliyotoka mikononi mwangu ungeweza kuisimamisha mezani yenyewe, bila mtu ndani.

Mmoja wa askari wale alikuwa shemeji yangu Ambakisye, mume wa mdogo wangu Tusekile. Alikuwa mtu mzuri, mcheshi, mvivu kidogo wa jembe. Huko vitani aliwahi kukaa karibu na malori, na tangu arudi alikuwa na ndoto moja tu, kuendesha gari. Ukimpa kigoda akalie, anakishika kama usukani. Nilimfulia kwa uangalifu kuliko wenzake. Ni mume wa mdogo wangu, ningefanyaje?

Mwisho wa kambi palikuwa na gwaride kubwa na zawadi. Aliyelenga vizuri alipewa nishani, aliyekimbia sana alipewa blanketi, na askari aliyevaa nadhifu kuliko wote alipewa kikombe cha shaba chenye mikono miwili. Watu walikuja kutoka vijijini, na wenye maduka wa Mwanjelwa nao walikuja. Mzungu mkubwa alipita mbele ya mistari, anatazama magoti ya watu. Akasimama kwa Ambakisye. Akainama, akautazama mkunjo wangu, akautazama tena, akamwita mbele.

Uwanja mzima ulipiga makofi. Tusekile alirukaruka na kanga yake mpya, akapiga vigelegele mpaka akakauka koo. Mimi nilikuwa nyuma ya kamba za kuanikia, mikono ina wanga mpaka kwenye viwiko. Nilimwonea wivu shemeji. Nalisema wazi, na mchungaji akitaka aniite. Ulinishika hapa kifuani kama kitu chenye kucha. Hata kile kikombe nilikionea wivu, maana kilishikwa na watu wote, kikapitishwa mkono kwa mkono, na mimi hakikunifikia.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuja siku iliyofuata.

Kulikuwa na Afisa wa Kazi, Mzungu aliyetumwa kuwashauri askari wa akiba wapate ajira badala ya kukaa vijijini na kulalamika. Meza yake waliiweka katika hema lililopakana na meza yangu ya pasi, turubai tu lilitutenganisha. Nilisikia kila neno. Kila mwanamume aliyeingia aliulizwa, "Wewe unataka kazi gani?" Mmoja akasema upishi, akaelekezwa shule ya wamisionari. Mwingine akasema ulinzi, akapelekwa shamba la chai. Mpiga tarumbeta hakujua anataka nini, na bado afisa alikaa naye kwa upole akimtajia kazi hii na ile mpaka akapata moja.

Kuulizwa vile ndiko nilikokuonea wivu kuliko kikombe. Mimi nilikuwa mtu mzima, nina watoto wawili, na tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza nataka kazi gani. Niliambiwa chota, lima, olewa, fua. Nikasimama pale na pasi mkononi nikijijibu kimoyomoyo kila afisa alipowauliza wao. Udobi. Nataka udobi, penye bomba na paa.

Ikafika zamu ya Ambakisye. Akasema anataka udereva. Afisa, bila shaka akitazama ile kaptula, akasema, "Madereva ninao wengi. Dobi sina. Hospitali ya Iringa inatafuta dobi, na nafasi ni ya askari wa akiba. Kuna nyumba Mlandege. Mtu anayenyoosha nguo hivi hawezi kupotezwa kwenye lori."

Nikangoja shemeji aseme. Aseme tu, Bwana, hii kanyoosha mke wa mtu hapo nje. Akasema, "Ndiyo, Bwana." Jeshini ndivyo walivyofundishwa, mkubwa akisema wewe unakubali. Harufu ya kitu kinachoungua ikanifikia puani. Nilikuwa nimeiacha pasi juu ya shati la mtu. Ndilo shati pekee nililolichoma maisha yangu yote.

Nilikwenda kwa Sajini Meja bila hata kufuta mikono. Nikamwambia kazi ile ya Iringa ni yangu, yeye mwenyewe anajua nani anafua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Nafasi ni za askari wa akiba. Wewe uliapa lini?" Nikarudi kwenye ndoo zangu.

Jioni hiyo Ambakisye alikuja nyumbani kwangu na kuku chini ya kwapa, mkewe nyuma yake. Alisalimia kwa heshima kuliko kawaida, nikajua ana shida.

"Shemeji," akasema, "nifundishe. Juma moja tu. Hata ule wanga peke yake."

"Kikombe umepewa wewe," nikamwambia. "Kikufundishe."

Akacheka, akidhani ni utani wa mashemeji. Alipoona sicheki akaweka kuku chini. Tusekile akadakia, "Dada, sema tu kwamba unanionea wivu nyumba."

"Ndiyo. Nakuonea."

"Nyumba yenyewe hujaiona."

"Nikiiona nitakuonea zaidi. Kuku mwondoe, ataninyea sakafu."

Wakaenda Iringa hivyo hivyo, na kikombe kimefungwa ndani ya blanketi.

Haikupita hata miezi miwili, Tusekile akarudi juu ya lori la vitunguu, mwekundu kwa vumbi, amekonda. Akanisimulia akiwa amekaa mlangoni, hakutaka hata kuingia. Mumewe alichukua shuka zenye damu akazitia kwenye pipa la maji yanayochemka. Mwenye kujua kazi anajua damu inalowekwa kwenye maji baridi yenye chumvi. Ukiipa moto inang'ang'ania kitambaa milele. Basi wodi nzima ikawa na madoa ya kahawia. Kisha, kwa kuwa kitu alichosifiwa kambini kilikuwa wanga, akatia wanga shuka zote za wagonjwa. Watu wenye vidonda wakalala juu ya shuka ngumu kama bati. Mzee mmoja wa Kihehe aliuliza wodini kama amekwisha kufa na hili ni jeneza.

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Tusekile naye alicheka kidogo, halafu akalia. Sista Mkuu, yule Mzungu aliyesimamia wauguzi na dobi, alikuwa ameapa kumfukuza mwisho wa mwezi. Nyumba ingekwenda pamoja na kazi.

Nilikwenda. Msiseme ni huruma, sikuwa nayo. Nilitaka kuliona lile bomba.

Iringa ina upepo, jamani. Nguo ikianikwa asubuhi, mchana inakupiga kofi. Lakini nilipoingia chumba cha dobi nilisimama kama niliyeingia kanisani. Mabeseni ya saruji manne, bomba juu ya kila beseni, pipa limejengewa jiko lake, meza ya pasi ndefu kama kitanda cha watu wawili. Na katikati ya vyote hivyo shemeji yangu, amekaa juu ya lundo la shuka, ameshika mfuniko wa pipa kama usukani. Wivu uliokuwa Mbeya ulikuwa mtoto. Ule wa Iringa ulikuwa mtu mzima.

Akaniambia mpango wao. Niwe naingia kwa mlango wa nyuma, nifue mimi, yeye ajibu akiitwa, na chakula nitakula kwao. Tusekile akaongeza kwamba kuna kona nzuri jikoni ya kulala.

Nikawaambia, "Nimeshafua mara moja nyuma ya kamba. Sifui mara ya pili. Twende kwa Sista Mkuu, ukaseme mbele yangu ile kaptula kanyoosha nani. Kama huendi, lori linarudi kesho."

"Akimwambia, tunatoka kwenye nyumba," Tusekile akasema.

"Asipomwambia mnatoka mwisho wa mwezi."

Ambakisye alikwenda nyumbani kwake. Alirudi amevaa kaki yake ya kambini, aliyoipiga pasi mwenyewe. Mguu mmoja ulikuwa na mikunjo mitatu, mwingine hauna hata mmoja, na makalioni pasi ilikuwa imeacha alama yake kamili, mpaka ncha. Nikajua huyu sasa anakwenda kusema kweli, maana mtu hawezi kusema uongo akiwa amevaa vile.

Alisimama mbele ya meza ya Sista Mkuu, akapiga saluti. Akasema kikombe alikipata kwa kaptula iliyonyooshwa na shemeji yake huyu, yeye pasi haijui, alitaka udereva akaogopa kubisha. Sista akamzungusha kwa kidole, akaitazama ile alama ya pasi nyuma, akakohoa kwenye kitambaa kwa muda mrefu. Kisha akageuka kwangu.

"Na wewe, unataka kazi gani?"

Nilikuwa nimeshalijibu swali hilo mara nyingi nyuma ya turubai. Nikasema, "Hii yake."

Nilipewa. Kwanza kibarua cha siku, kwa sababu nafasi ile ilikuwa ya askari na mimi sikuapa. Baadaye, alipokuja Sista mwingine asiyejali mambo ya jeshi, nikawa dobi kamili, na mwisho msimamizi wa madobi wote. Ambakisye aliwekwa utingo wa gari la wagonjwa, na dereva alipostaafu akashika usukani wa kweli. Aliendesha vizuri sana, Iringa mpaka Ruaha Mbuyuni na kurudi, na nyumba ya Mlandege ikabaki kwake, kwa kuwa nyumba walipewa wanaume. Mimi nilipanga chumba. Niliionea wivu nyumba ile mpaka nikajenga yangu.

Nimestaafu siku nyingi sasa. Mjukuu wangu katoka mafunzo ya akiba juzi, kaja kuniuliza kazi gani itamfaa. Nilimwambia kama ninavyowaambia ninyi. Mkiulizwa mnataka kazi gani, jibuni mara ya kwanza, na mkikataliwa jibuni tena. Atakayewapangia hawaoni ninyi, anaona mlivyovaa. Na kama aliyewavalisha yuko nyuma ya turubai, mtajeni hapo hapo, mbele ya watu, kabla makofi hayajaisha.

Maana Ambakisye, Mungu amrehemu, alisema kweli kwa Sista mmoja, ofisini, mlango umefungwa. Waliopiga makofi walikuwa uwanja mzima, na hao hakuna aliyerudi kuwaambia.

Kikombe bado kiko kwa Tusekile, juu ya kabati, sebuleni. Kila mgeni anaambiwa ni cha baba, alikuwa nadhifu kuliko jeshi zima. Mimi nakaa pale nakunywa chai yangu. Kimeingia kijani mikononi, kimefifia, hawajui kutunza shaba. Ni majivu na limau tu, unasugua kwa kitambaa cha sufu, kinarudi kama jua. Mwaka jana Tusekile aliniletea mpaka mapajani, na limau akalikata.

"Dada, wewe ndiye unajua hizi kazi," akasema. "Nisafishie."

Nikakirudisha kabatini.

"Kisafishwe na aliyepewa," nikamwambia, nikaomba chai nyingine.