Matanga ya Haragi

Ninafundisha watoto wadogo hapa Ngezi, wale ambao bado wanavaa viatu kinyume. Mkuu wa shule alikuwa amenionya: wazazi wamechoka kufua matope, nikome kutoa watoto nje, nibaki darasani niwaimbishe a-e-i-o-u. Kwani mti utaujulia ubaoni? Kesho yake asubuhi nikawatoa.

Nyuma ya darasa nilichimba shimo, nikaweka haragi moja, mbegu tu ya haragwe, nikafunika na udongo, nikaenda kuchota maji. Kurudi, nakuta viti vimepangwa duara, wasichana wamejifunga sweta kichwani, wavulana wanacheza karata za majani kama wanaume kwenye kilio. Wote wanalia.

"Madamu, mukae," wakaniambia. "Siye tuko ku matanga."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini kwetu mtu akisikia kilio anaingia akilia, nani amekufa atauliza baadaye. Mama muuza mandazi aliyekuwa anapita njiani aliweka beseni chini, akajitupa kwenye udongo: "Yoo! Yoo, mama!" Jirani akaleta kuni. Mzee mmoja akavua kofia, akaanzisha wimbo. Ningesema nini? Nikainamisha kichwa, nikaitikia.

Mkuu wa shule akatoka mbio. "Nani amekufa?"

Wimbo ukakatika. Wote wakanigeukia.

"Haragi," nikasema.

"Aka!" mama wa mandazi akaruka. "Machozi yangu yote hii, ni ya haragi?"

Mkuu alitetemeka kwa hasira. Lisipoota kufika Ijumaa, alisema, mambo ya nje yamekwisha. Basi kila siku tukalimwagia maji, nami nikaanza kuliombea haragi, mimi mtu mzima. Mama wa mandazi naye akawa anapita kila asubuhi kuchungulia, eti hawezi kulia bure.

Ijumaa lilikuwa limetoka, limeinama, na udongo bado kichwani. Watoto walipiga kelele. Mkuu mwenyewe alichuchumaa, sketi yake ikaingia matopeni. "Kweli limetoka," akasema. Nikavimba kwa furaha.

Ndipo yule msichana aliyelia kuliko wote, ambaye bibi yake, koko wake, alizikwa wakati wa likizo, akachukua jagi la maji, akaelekea kwenye lango.

"Unaenda wapi?"

"Kwa koko. Siye tulimuzika, lakini hakuna mutu alimumwangia mayi."

Mkuu alinitazama, anangoja nieleze. Mama wa mandazi akaweka beseni chini, akamkumbatia mtoto pamoja na jagi lake, akalia. Safari hii hakuhitaji kuuliza nani amekufa.